Kiingereza Unakijua, Mtihani Unakudai Nini?

Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitiliana saini mkataba wa kuwawezesha wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi katika hospitali za Uingereza. Mwaka haujaisha, Waziri wa Afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, akasema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu ni 10 tu. Kuna waliocheka, kuna walioona ni aibu ya taifa. Muuguzi wa Kenya amesomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni, vitabu vyake vya uuguzi ni vya Kiingereza, ripoti ya zamu anaiandika kwa Kiingereza. Anashindwaje na mtihani wa Kiingereza?

Anashindwa vizuri tu, na lugha anaijua. IELTS, OET, TOEFL na mitihani mingine ya aina hiyo haikuulizi kama unaweza kuishi na Kiingereza ofisini au wodini. Inakupa kazi maalumu, kila moja na dakika zake, na inataka uifanye kwa namna iliyokwisha kuelezwa katika masharti yake. Mtu anayejifungia kusoma "Kiingereza" kwa jumla, kamusi huku na kitabu cha sarufi kule, anaweza kumaliza mwaka bila kugusa pale hasa alama zake zinapovuja. Tutafute basi pale zinapovuja. Nitaitumia zaidi IELTS kwa mifano, kwa kuwa ndiyo inayofanywa na wengi kwetu, na wauguzi nitawarudia baadaye.

Kabla ya kulipa hata senti moja, jua unadaiwa nini, na ulijue hilo kwa maandishi kutoka kwa yule atakayeyapokea matokeo: chuo, bodi ya taaluma yako, au uhamiaji wa nchi unayokwenda. Neno la ajenti wa mtaani halitoshi. IELTS ina sura mbili. Academic ni ya wanaokwenda chuo kikuu na ya taaluma nyingi. General Training hutumika zaidi kwa kazi na uhamiaji, kwa mfano maombi ya ukazi Kanada. Kusikiliza na kuzungumza ni kule kule, lakini kusoma na kuandika kunatofautiana, na chuo kinachotaka Academic hakitakuhurumia kwa kukosea fomu. Ipo pia IELTS for UKVI, ambayo maswali yake hayana tofauti ila inafanywa chini ya masharti ya serikali ya Uingereza kwa ajili ya viza. Ukiambiwa ulete ya UKVI ukaleta ya kawaida, hata ukiwa na bendi 8 utarudishwa.

Uliza pia kama kweli unahitaji mtihani. Baadhi ya vyuo vya Uingereza hupokea alama ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, na vingi huko na kwingineko huridhika na barua ya chuo chako ikithibitisha kwamba shahada yako ya kwanza ilifundishwa kwa Kiingereza. Ada ya IELTS kwetu inazidi dola 200. Barua pepe moja kwa ofisi ya udahili haina gharama. Na kama unasoma haya ukiwa Bukavu au Bujumbura, umesoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza, na safari yako ni ya Kanada, angalia kwanza kama mitihani ya Kifaransa inayopokewa na uhamiaji wa kule, TEF Canada na TCF Canada, haitakufaa zaidi. Nimeona watu wakihangaika na Kiingereza mwaka mzima ilhali mlango wa pili ulikuwa wazi.

Halafu kuna hesabu ya bendi, ambayo huwaumiza wengi kwa sababu huangalia jumla tu. Alama za IELTS zinaanzia 0 hadi 9, na ya jumla ni wastani wa sehemu nne, unaosogezwa hadi nusu iliyo karibu. Chukua mtu aliyepata 7 kusikiliza, 6.5 kusoma, 5.5 kuandika na 7 kuzungumza. Jumla ni 26, gawa kwa nne, unapata 6.5. Chuo kilitaka 6.5. Anashangilia, anapiga simu nyumbani. Lakini mstari wa pili wa tangazo la chuo unasema hakuna sehemu inayoruhusiwa kuwa chini ya 6, na kuandika kwake ni 5.5. Kwa hiyo huyu hana shida ya "Kiingereza". Ana shida ya saa moja ya kuandika, na miezi yake yote ya kujiandaa ingepaswa kwenda huko.

Ndiyo maana jambo la kwanza kulifanya, kabla ya twisheni na kabla ya kununua kitabu, ni kujitahini. Kaa na mtihani kamili wa mfano, ule wa bure kwenye tovuti rasmi za IELTS au wa kwenye vitabu vya Cambridge, zima simu, weka saa, ufanye kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama kunywa chai. Usisimamishe kaseti. Usirudie. Matokeo yatakuuma, lakini yatakuonyesha ni sehemu ipi inakurudisha nyuma na kwa kiasi gani. Katika kusikiliza na kusoma, kila moja ina maswali 40, na majibu sahihi kama 30 hukuweka karibu na bendi 7, na 23 karibu na 6. Jipime kwa hayo.

Tuanze na kusikiliza, maana huku kuna mtego unaotupata sisi watumiaji wa Kiswahili kuliko wengine, na sijaona kitabu kinachoutaja. Sehemu ya kwanza kwa kawaida ni mazungumzo mepesi: mtu anapanga chumba, anajiandikisha kwenye kozi, anaripoti mkoba uliopotea. Anaulizwa jina, anataja herufi zake, nawe unaandika. Tuseme anaitwa Pearce. Sikio linapokea hivi: pi, i, ei, aa, si, i. Mtoto aliyefundishwa a-e-i-o-u kwa Kiswahili, kisha akafundishwa Kiingereza na mwalimu aliyekuwa na haraka, akisikia "i" mkono unaandika I. Ilikuwa E. Akisikia "ei" anasita, "aa" anaandika A, kumbe ilikuwa R ya Mwingereza asiyeitetemesha ulimi. Jina limeharibika, alama imekwenda, na tahajia ikikosewa hakuna nusu alama. Jambo hili ni la darasa la pili, ndiyo maana watu wazima wenye shahada huona haya kulifanyia mazoezi. Lifanye. Mwambie mdogo wako akusomee majina ya kigeni kwa herufi, dakika tano kila jioni, mpaka mkono uache kufikiri.

Namba nazo zina vituko vyake. Simu zinasomwa kwa "double four" na "oh", ambayo ni sifuri. Thirteen na thirty zinatofautishwa na mkazo zaidi kuliko mwisho wa neno. Na saa! Mtu akisema "half past seven", sisi tunajua ni saa moja na nusu, na akili iliyochoka huweza kuandika 1:30 bila mwenyewe kujitambua. Hilo hutokea hata kwa wanasheria.

Kaseti inachezwa mara moja tu. Hii ina maana kwamba muda unaopewa kusoma maswali kabla ya kila kipande ndio mali yako kubwa. Usiutumie kuangalia ulichokwisha kujibu. Tabiri: hapa patakuja jina, hapa bei, hapa kitu cha wingi. Wingi ni muhimu, kwa sababu jibu likiwa "tickets" na wewe ukaandika "ticket", umekosa, na masikio yetu huimeza hiyo s ya mwisho kwa kuwa maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu. Ukipitwa na jibu moja, liache liende. Anayelililia swali la 14 hupoteza la 15 na la 16. Mwishoni usiache nafasi wazi hata moja, maana jibu lisilo sahihi halikupunguzii kitu.

Lafudhi utakazozisikia ni za Uingereza, Australia, Nyuzilandi, Marekani na Kanada. Filamu za Marekani pekee hazitoshi. Idhaa ya Dunia ya BBC ni bure, na redio ya Australia inapatikana kwenye intaneti. Sikiliza taarifa fupi, kisha iandike kwa maneno yako, halafu isikilize tena.

Kusoma kuna dakika 60 kwa vifungu vitatu na maswali 40, bila dakika ya ziada ya kuhamisha majibu. Wengi huzimaliza dakika 30 kwenye kifungu cha kwanza, ambacho ndicho chepesi. Dakika 20 zikifika, ondoka. Hilo latosha kuhusu muda. Linalostahili maneno zaidi ni maswali ya True, False na Not Given. Yanawaangusha watu wenye elimu kuliko wasio nayo. Tuseme kifungu kinahusu Ziwa Victoria na kinasema sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na kwamba idadi ya samaki wa asili ikapungua sana baadaye. Swali linasema: sangara aliwaongezea kipato wavuvi wa Mwanza. Wewe umekulia Kirumba, mjomba wako alijenga nyumba kwa pesa ya minofu ya sangara, unaandika True bila kupepesa. Jibu ni Not Given. Kifungu hakikusema lolote kuhusu kipato. Hapo hupimwi unachokijua kuhusu dunia. Unapimwa kama unaweza kukaa ndani ya ukurasa. False maana yake kifungu kinapinga kauli, kwa mfano kama swali lingesema idadi ya samaki wa asili iliongezeka. Ukishindwa kuweka kidole kwenye sentensi inayokubali au inayopinga, ni Not Given, na usikae hapo dakika tatu ukibishana na moyo wako.

Sasa kuandika. Kwa niliyoyaona, huku ndiko alama za watu wetu huvujia, na sababu kubwa ni shule. Tumefundishwa insha za kukariri. Kila mtu ana utangulizi wake mfukoni: dunia imekuwa kijiji, sayansi na teknolojia zimekua, kila sarafu ina pande mbili. Ni sentensi zisizo na kosa, na mtahini amezisoma asubuhi hiyo hiyo kwenye karatasi nyingine kadhaa. Maneno ya kukariri hayampi chochote cha kukupimia, na yakizidi yanakupunguzia.

Kuna kazi mbili ndani ya dakika 60. Ya kwanza inataka maneno yasiyopungua 150, ya pili yasiyopungua 250, na ya pili ina uzito mara mbili. Kwa hiyo dakika 20 kwa 40, na mwenye mashaka aanze na ya pili. Katika Academic, kazi ya kwanza ni kueleza chati, jedwali au mchoro. Kosa letu ni kutafuta sababu. Mstari wa abiria wa treni umepanda baada ya 2010, nasi tunaanza kueleza foleni za barabarani na ubovu wa daladala. Hukuulizwa. Sema kilichopanda, kilichoshuka, kipi kilikipita kipi na lini, na uweke sentensi mbili za picha ya jumla zisizo na takwimu hata moja. Asiyeiweka picha ya jumla hujifungia mwenyewe njia ya bendi za juu, hata takwimu zake zote zikiwa sahihi.

Kazi ya pili ni hoja. Isome mara mbili, kwa sababu "jadili maoni yote mawili na utoe lako" si sawa na "unakubali kwa kiasi gani", na anayejibu swali ambalo halikuulizwa hawezi kuokolewa na sarufi. Tumia dakika tano kupanga. Chukua swali kama hili: serikali ilipie masomo ya chuo kikuu kwa wote? Mwandishi wa kukariri anaandika kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, kwamba elimu huondoa ujinga, kwamba elimu huleta maendeleo. Aya tatu, wazo moja. Mwandishi mwingine anaandika kwamba mkopo unaolipwa baada ya kuajiriwa unamwogofya binti wa mkulima wa korosho kuliko mtoto wa mfanyabiashara, kwa kuwa familia ya kwanza haijawahi kukopa kiasi hicho, halafu anaeleza serikali ifanye nini kwa hiyo familia. Huyu wa pili ana hoja, na Kiingereza chake kinaweza kuwa cha kawaida kabisa akapata zaidi. Maneno makubwa ya kamusi hayamsaidii mtu ambaye hana la kusema.

Kuna makosa ya sentensi yanayotoka moja kwa moja kwenye lugha yetu, na ukiyajua unaweza kuyawinda mwenyewe dakika tatu za mwisho. Kiswahili hakina "a" na "the", basi tunazisahau, au tunazimwaga kila mahali kama chumvi. Tunaandika "the nurse she told me" kwa kuwa "muuguzi aliniambia" ina kiambishi cha mtenda. Tunaandika "I have seen him yesterday" kwa sababu "-me-" kwetu hukaa popote. Tunaanza na "even me" kwa maana ya "hata mimi". Mwambie mtu anayejua akusahihishie insha tano tu, lakini kwa ukali, kisha orodhesha makosa yanayojirudia. Utakuta si mengi kama ulivyohofia. Mara nyingi ni yale yale manne au matano yakibadilisha nguo. Programu ya akili mnemba inaweza kusaidia kuyaona, mradi uiambie ikuonyeshe kosa na sababu yake. Ukiiambia ikuandikie insha, imejifunza yenyewe.

Na kama mtihani wako ni wa kompyuta, kama ilivyo kwa wengi sasa, jifunze kutaipu. Hili linachekesha hadi siku yenyewe. Kijana anayeandika ujumbe kwa vidole gumba viwili kwa kasi ya ajabu anawekwa mbele ya kibodi, anatafuta herufi kama anayetafuta sindano, na hakuna kitu kitakachomsahihishia tahajia kama simu yake inavyofanya. Nenda intaneti kafe wiki kadhaa kabla, au azima kompyuta, andika insha zako zote za mazoezi humo.

Kuzungumza kunachukua dakika 11 hadi 14, uso kwa uso na mtahini au kwa video, na kunahitaji kitu ambacho malezi yetu hayakutupa. Tumelelewa kumjibu mkubwa kwa ufupi. Ukiulizwa kama unapenda kupika, heshima inasema "Yes, I like", kisha unyamaze na kungoja. Mtahini anahitaji sauti yako ili akupime. Ongeza kitu: unapika nini, nani alikufundisha, kwa nini wali wa nazi unakushinda. Na akikukatiza katikati ya sentensi, hajakasirika. Dakika zake zinahesabiwa naye ana maswali ya kupita. Wengine hufadhaika hapo wakaharibu yote yaliyobaki, wakidhani wamekosea adabu.

Sehemu ya pili unapewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujipanga na karatasi ya kuandikia, kisha unazungumza hadi dakika mbili. Mada huwa za kawaida: mtu aliyekusaidia, mahali ulipowahi kufika, kitu ulichonunua. Hakuna anayehakikisha kama ni kweli. Kama hukumbuki mtu aliyekusaidia, mtengeneze, lakini mpe jina, kazi na siku ya mvua. Jirekodi kwenye simu ukizungumza dakika mbili, kisha sikiliza. Utasikia "he" na "she" zikibadilishana mahali kwa mtu yule yule, kwa kuwa kwetu wote ni "yeye". Utasikia pia irabu tano zikijaribu kubeba irabu nyingi za Kiingereza, "ship" ikawa "sheep", "full" ikawa "fool". Lafudhi yako ya Kitanga au ya Kikisii haina shida, haihitaji kufichwa kwa Kimarekani cha kuazima; kinachopimwa ni kama unaeleweka bila jitihada. Shughulikia jozi za maneno zinazobadilisha maana, uache zingine.

Wauguzi sasa. Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, NMC, linataka kwenye IELTS Academic bendi 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Njia ya pili ni OET, mtihani wa fani 12 za afya, ambako wanataka daraja B katika sehemu tatu na C+ katika kuandika. Ukiniuliza, muuguzi aliye kazini aanze kwa kuifikiria OET. Badala ya insha kuhusu utalii au intaneti, anaandika barua ya kumhamisha mgonjwa kwenda kwa mtoa huduma mwingine, maneno kama 180 hadi 200, kutoka kwenye kumbukumbu alizopewa. Hiyo ni kazi anayoifahamu. Mtego wake uko kwenye kuchagua: kumbukumbu hizo zimejazwa mambo yasiyomhusu anayeandikiwa, na muuguzi mwenye bidii huyanakili yote.

Katika kuzungumza kwa OET unaigiza mazungumzo mawili na mgonjwa au ndugu wa mgonjwa, kila moja kama dakika tano. Hapa desturi ya wodi zetu hujitokeza. Mwanamke wa makamo anakataa vidonge vya presha. Kwetu ungemwambia: "Mama yangu, jamani, hizi dawa si za kuacha. Ukiacha utaanguka." Naye angejibu, "Mwanangu, zinanichosha," nawe ungesisitiza, na mamlaka yako ya sare yangemaliza mjadala. Kwenye mtihani, ukimwita "Mama" na kumwambia lazima ameze, umepoteza alama zinazotolewa kwa jinsi unavyomsikiliza mgonjwa. Inatakiwa umwulize anachokiogopa, umwache amalize, umweleze kwa maneno yasiyo ya kitabibu, kisha uhakikishe ameelewa. Mwite kwa jina lake la ukoo. Fanyeni zoezi hili wawili wawili wakati wa mapumziko ya zamu, mmoja akiwa mgonjwa mkaidi. Wauguzi ni waigizaji wazuri sana wa wagonjwa wakaidi.

Kuna watu watakaokuandikia kwenye WhatsApp kwamba wanauza cheti cha IELTS "halali" bila kufanya mtihani. Vyuo na idara za uhamiaji huhakiki matokeo moja kwa moja kwenye mfumo wa wenye mtihani, kwa hiyo unachokinunua ni karatasi na hatari ya kupigwa marufuku kuomba viza. Mwaka 2014 BBC ilifichua udanganyifu katika vituo vya mtihani wa Kiingereza wa TOEIC jijini London, na serikali ya Uingereza ikafuta viza za maelfu ya wanafunzi, wakiwemo waliodai kwa miaka mingi mahakamani kwamba hawakuwa na hatia. Serikali ikishakushuku, kuwa safi peke yake hakukutoi haraka.

Katika kupanga tarehe, anza na siku ya mwisho ya maombi urudi nyuma. Matokeo ya kompyuta hutoka baada ya siku chache. Ya karatasi kwa kawaida huchukua siku 13. Acha nafasi ya kurudia mara moja. Usifanye mapema mno pia, kwa kuwa wapokeaji wengi huyahesabu matokeo kuwa hai kwa miaka miwili. Jiandikishe kwa majina kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio ule ule, na uje na pasipoti hiyo hiyo; kwetu sisi wenye majina matatu na vyeti vinavyopingana, jambo hili limewarudisha watu kutoka mlangoni. Ukiwa unatoka mkoani, lala mjini usiku wa kuamkia mtihani. Na barua ya kukuitia mtihani ikisema 8:00, ni saa mbili asubuhi, na mlango hufungwa.

Matokeo yakija pungufu, usikimbilie kulipa tena siku hiyo hiyo. Kama kuandika au kuzungumza kumekosa nusu bendi tu na unaamini ulifanya vizuri, unaweza kuomba yasahihishwe upya ndani ya wiki sita. Kuna ada, nayo hurudishwa alama ikibadilika. Katika baadhi ya vituo vya kompyuta unaweza kurudia sehemu moja tu ndani ya siku 60, lakini uliza kwanza kama chuo chako kinaipokea njia hiyo. Wauguzi wanaokwenda NMC wanaweza kuunganisha matokeo ya mara mbili yaliyofanyika ndani ya miezi 12, mradi hakuna sehemu iliyoshuka chini ya kiwango cha chini kilichowekwa na NMC kwa njia hiyo. Na kama pengo ni la bendi nzima au zaidi katika sehemu moja, jipe miezi miwili au mitatu ya kazi ya sehemu hiyo peke yake kabla ya kuchagua tarehe nyingine.